Mafunzo ya ufundi katika kiwanda cha magari Ujerumani: kutoka maombi hadi mtihani wa mwisho

Anayekwenda Ujerumani kujifunza ufundi kwenye kiwanda cha magari akidhani atashinda akifungua injini atashangaa. Katika viwanda kama vya Volkswagen Wolfsburg, Audi Ingolstadt, BMW Dingolfing au Mercedes-Benz Sindelfingen, fundi anayehitajika zaidi ni yule wa kuhudumia mitambo inayotengeneza magari: roboti, mashine za kubonyeza bati, mikanda ya kusafirishia, vali za hewa na makabati ya umeme. Mwongozo huu unafuata fani moja, Mechatroniker (fundi wa mekanika na umeme kwa pamoja), kwa sababu inagusa vyote hivyo. Sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza, hasa kazi za benchi, inafanana na ya fani nyingine za chuma.

Mfumo wenyewe unaitwa Ausbildung, na mwanafunzi wake ni Azubi. Unasaini mkataba na kiwanda, kiwanda kinakulipa kila mwezi, na kwa siku moja au mbili za wiki (au majuma kadhaa mfululizo) unakwenda shule ya ufundi, Berufsschule. Mtihani hautungwi na kiwanda wala shule. Unasimamiwa na chemba ya viwanda na biashara, IHK, na cheti chake kinatambulika nchi nzima.

1. Chagua fani kwa jina lake kamili

Majina yanafanana na kosa la hapa linagharimu miaka. Mechatroniker, miaka 3 na nusu, anashughulika na mitambo ya kiwanda. Kfz-Mechatroniker, nayo miaka 3 na nusu, ndiye fundi wa gari lenyewe, na nafasi zake nyingi ziko kwenye gereji. Industriemechaniker ameegemea mekanika: kukereza, kuchonga, kufunga beringi na gia. Werkzeugmechaniker anatengeneza na kurekebisha kalibu za kubonyezea bati. Elektroniker für Automatisierungstechnik ni umeme na programu za mitambo. Fertigungsmechaniker, miaka 3, anaunganisha gari kwenye laini. Soma jina kwenye mkataba herufi kwa herufi kabla ya kusaini.

2. Maombi, mkataba na viza

Mwaka wa mafunzo huanza Agosti au Septemba, na kampuni kubwa hufungua maombi kama mwaka mzima kabla. Anayeanza kutafuta Aprili kwa ajili ya Septemba ileile hukuta nafasi za viwanda vikubwa zimekwisha; zinazobaki ni za kampuni ndogo zinazoviuzia viwanda hivyo vipuri, na mara nyingi si mbaya hata kidogo.

Andaa wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, barua ya maombi inayotaja fani na kiwanda chenyewe, cheti cha shule kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na cheti cha Kijerumani. Kwa viza, kiwango cha B1 (ngazi ya tatu kati ya sita za lugha) ndicho kinachoombwa kwa kawaida. Darasani Berufsschule B1 haitoshi: mwalimu anaeleza nguvu, msuguano na mkondo wa umeme kwa kasi ya kawaida, na Ingolstadt au karibu na Stuttgart wenzako wa karakana watazungumza lahaja. Lenga B2 kabla ya kuondoka. Goethe-Institut zipo Nairobi na Dar es Salaam. Kama una cheti cha ufundi cha VETA (Tanzania) au cha NITA (Kenya), kiambatanishe. Hakitapunguza mkataba chenyewe, ila kinaonyesha umeshawahi kushika chuma.

Kampuni nyingi hutoa mtihani wa usaili: hesabu za asilimia, sehemu, kubadilisha vipimo, fizikia ya nyenzo na gia, na kuwazia umbo lililokunjwa. Zoea uandishi wao wa namba, maana wao hutumia mkato mahali petu pa nukta: 0,05 ni sehemu tano za mia, na 1.000 ni elfu moja. Kwenye mchoro wa kifundi kosa hilo linaharibu kipande.

Mkataba halali unataja fani, tarehe ya kuanza na muda, saa za kazi, malipo ya kila mwaka wa mafunzo, likizo, muda wa majaribio na masharti ya kuuvunja, na lazima uandikishwe kwenye chemba. Muda wa majaribio haupungui mwezi 1 wala hauzidi miezi 4, na ndani yake upande wowote unaweza kuachana na mwenzake bila notisi. Makubaliano ya Kenya na Ujerumani yaliyosainiwa Berlin Septemba 2024 yanahusu utaratibu wa uhamiaji wa kazi. Hayampi mtu nafasi. Wakala anayekuuzia «nafasi ya Ausbildung» kwa mamilioni ya shilingi anauza kitu ambacho kampuni inakulipa wewe ukifanye. Kabla ya kutoa hata senti, iandikie kampuni moja kwa moja kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, uulize kama mkataba huo ni wao.

3. Miezi ya kwanza: tupa, jiliwa na mwanga

Karakana ya mafunzo haianzi na roboti. Inaanza na kipande cha chuma laini na tupa, kwa majuma kadhaa. Wengi huona ni kupotezewa wakati. Lakini hapa ndipo mkufunzi anapoangalia jambo atakalolitafuta miaka yote mitatu na nusu: je, unapima kazi yako mwenyewe kabla hujaileta mezani kwake?

Tuchukue zoezi la kawaida: kibao cha chuma cha milimita 80 kwa 50, unene 12, chenye tundu la hesi (mifereji ya kuingia skrubu) ya M8, yaani ya skrubu ya milimita 8, na tundu laini la 8H7.

Kwanza, uso wa kuanzia. Jiliwa liwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama. Tupa inakata ikisukumwa mbele tu. Ukirudisha, iachie uzito. Anza na yenye meno makubwa, malizia na laini. Kosa la kila anayeanza ni uso kuvimba katikati, kwa sababu mikono inapanda na kushuka kama mbao za bembea. Dawa yake ni kupiga tupa kwa mshazari upande mmoja, kisha kukatisha kwa mshazari wa upande wa pili: mistari mipya inakuonyesha wapi umegusa na wapi hujafika. Paka chaki kwenye meno ya tupa laini ili vipande vya chuma visinase na kuchora makovu.

Pima unyoofu kwa rula ya makali. Isimamishe juu ya uso, inua macho kuelekea dirishani, na uangalie mwanga unaopita chini yake. Uifanye kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Usiiburute, inyanyue kila mara, la sivyo makali yake yataisha na itakudanganya.

Uso wa pili unapimwa pembe mraba kutoka ule wa kwanza, na mistari yote inachorwa kutoka nyuso hizo mbili tu. Ukipima tundu la pili kutoka tundu la kwanza, makosa yanajumlika. Mchoro ukiandika ISO 2768-m (kiwango cha kimataifa cha ruhusa, yaani kiasi kipimo kinachoweza kukosea) bila kipimo kingine, urefu wa milimita 80 unaruhusiwa kupungua au kuzidi 0.3, na wa 12 unaruhusiwa 0.2. Vernia inasoma hadi 0.05 au 0.02, maikromita hadi 0.01. Futa chuma kikauke, ondoa makali ya pembeni, kisha ndipo upime. Unyoya mmoja wa chuma chini ya taya ya vernia unakula nusu ya ruhusa yako.

Tundu la hesi ya M8 linatobolewa kwa 6.8 (M6 ni 5.0, M10 ni 8.5). Piga senta panchi, toboa tundu dogo la kuongoza, kisha la 6.8. Kasi ya drili ikokotoe, usibahatishe: mizunguko kwa dakika ni kasi ya ukataji kwa mita mara 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Kwa chuma laini na biti ya kawaida chukua mita 25 kwa dakika: biti ya 6.8 inapata karibu 1170, ya milimita 20 inapata karibu 400. Biti kubwa ikiendeshwa kasi ya biti ndogo inakuwa buluu pembeni na inapoteza makali hapohapo. Kipande kibanwe kwenye jiliwa la mashine. Usikishike kwa mkono, na usivae glovu mbele ya drili: inanasa na kuvuta mkono mzima.

Panua mdomo wa tundu kidogo kupita milimita 8 pande zote mbili, kisha kata hesi kwa tapu tatu kwa zamu: yenye mduara mmoja shingoni, yenye miwili, na isiyo na mduara. Mafuta, nusu mzunguko mbele, rudi kidogo uvunje vipande. Ikianza kulia, simama. Tapu iliyovunjika ndani ni ngumu kuliko chuma chako, na drili haitaitoa.

Tundu la 8H7 ni jingine kabisa. Kipenyo chake kinaruhusiwa kati ya 8.000 na 8.015. Toboa 7.8, kisha pitisha rima (kifaa cha kupanua na kulainisha tundu) kwa mafuta, polepole, na uizungushe upande wa saa tu, hata unapoitoa. Ukiirudisha kinyume, vipande vinabanwa nyuma ya makali na kuchana ukuta. Mwisho, ingiza kipimo cha pande mbili: upande mzuri uingie kwa uzito wake, upande wenye rangi nyekundu usiingie.

Kila kipande kina karatasi. Jaza vipimo ulivyopata wewe kabla mkufunzi hajapima. Kipande kilichokosa kwa 0.1 na karatasi inayosema kimekosa kwa 0.1 kinampa mkufunzi picha nzuri kuliko kipande sahihi kisichopimwa.

4. Berichtsheft

Ni daftari la kazi, la karatasi au la kidijitali, linalojazwa kila wiki na kusainiwa. Bila daftari lililokamilika huruhusiwi kukaa kwenye mtihani. Hilo liko kwenye sheria ya mafunzo. Usiliache likusanye majuma. Na usiandike «Wiki hii nilifanya kazi ya umeme». Andika: «Nimefunga kontakta Q1 na Q2 za kugeuza mwelekeo wa mota ya awamu tatu, nimeunganisha kizuizi ili zisiingie zote kwa pamoja, nimepima insulesheni kwa volti 500». Una haki ya kulijaza ndani ya saa za kazi, na kila sentensi yake inakufundisha Kijerumani utakachohitaji mbele ya watahini.

5. Umeme: kanuni tano, kwa mpangilio huohuo

Utaulizwa hizi mpaka mwisho, na kuzipanga ovyo ni kosa hata ukizitaja zote:

1. Kata umeme kwenye njia zote.
2. Zuia usirudishwe: kufuli lako mwenyewe kwenye swichi kuu, lenye jina lako, na ufunguo mfukoni.
3. Hakikisha hakuna volti, kwenye nyaya zote.
4. Unganisha na ethi, kisha unganisha nyaya pamoja.
5. Funika au zungushia sehemu za jirani zilizobaki na umeme.

Kwa kanuni ya tatu tumia testa ya ncha mbili. Ijaribu kwanza kwenye umeme unaojua upo, pima mahali pako pa kazi, kisha ijaribu tena kwenye umeme uleule. Testa iliyokufa katikati inaonyesha sifuri vilevile kama waya salama. Kalamu ya kugusisha tu haikubaliki.

Rangi za nyaya ndani ya kabati la mashine: nyeusi kwa njia za nguvu, nyekundu kwa udhibiti wa umeme geu, buluu iliyokoza kwa udhibiti wa volti 24 za moja kwa moja, buluu hafifu kwa nyutro, kijani na njano kwa ethi peke yake. Rangi ya machungwa ndiyo ya kuogopa: waya huo una umeme hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Waya wa nyuzi nyingi unavishwa kikofia cha shaba kwenye ncha. Menya kiasi ambacho shaba inafika mwisho wa kikofia na kuchungulia kidogo, usikate hata uzi mmoja, bana kwa koleo lake maalumu, kisha vuta. Kikivuliwa kwa vidole, kingevuliwa pia na mtikisiko wa mashine miezi sita baadaye, usiku, laini ikiwa imejaa magari.

Kabla ya kuwasha: angalia kwa macho, pima mwendelezo wa ethi, kisha insulesheni kwa volti 500, inayotakiwa kufika angalau megaohmu 1. Chomoa kidhibiti (kompyuta inayoendesha mashine) na vifaa vya kielektroniki kabla ya kipimo hiki. Volti hizo zinaviua. Swichi ya kukinga ya miliampea 30 ikatike ndani ya milisekunde 300. Majaribio ya mashine yenyewe yanakuja mwisho, na wengi huanza nayo kwa sababu wana hamu ya kuona ikitembea.

6. Kutafuta hitilafu

Hapa ndipo Azubi anapogeuka fundi, na hapa ndipo pa kuwekeza muda wako wa ziada. Mfano wa kila siku: silinda ya hewa inatakiwa kubana bati, roboti inasubiri, hakuna kinachotokea. Usifungue programu kwanza. Fuata njia ya ishara:

Je, mlango wa usalama umefungwa na kitufe cha dharura kimerudishwa? Je, geji ya hewa inaonyesha shinikizo la kawaida, mara nyingi baa 6? Je, taa ndogo ya sensa inawaka bati likiwepo? Sensa ya nyaya tatu ina kahawia kwa volti 24, buluu kwa 0 na nyeusi kwa ishara. Nyeusi na buluu zikibadilishana, sensa inaweza kuonekana nzima na isifanye kitu. Sensa ikiwaka, je, taa ya ingizo hilo kwenye kidhibiti inawaka? Kama haiwaki, tatizo liko kwenye waya au plagi kati yao, na plagi zinazopinda pamoja na mkono wa roboti ndizo za kwanza kushukiwa. Ikiwaka, angalia taa ya towe la vali. Towe likiwaka na vali haibadiliki, bonyeza kitufe chake cha mkono, baada ya kuhakikisha hakuna mkono wa mtu karibu na silinda. Ikisogea kwa mkono, koili au plagi yake ina kasoro. Isiposogea, ni hewa au mekanika.

Silinda ikienda kwa kurukaruka, angalia vidhibiti vya mwendo, vali ndogo za kubana hewa kwenye silinda. Hewa inabanwa inapotoka, haibanwi inapoingia. Kidhibiti kilichofungwa kinyume ndicho chanzo cha kawaida baada ya mtu kubadilisha mipira ya hewa.

Andika kila ulichopima na jibu lake. Anayebadilisha vipuri kimoja kimoja mpaka mashine iwake hajui alichorekebisha, na zamu inayofuata itarudi palepale.

7. Kuzunguka kiwandani

Baada ya karakana unapelekwa idara kwa idara, wiki chache kila moja. Kwenye kulehemu bodi utaona vichwa vya shaba vya bunduki za roboti vikichongwa upya kila baada ya idadi fulani ya nukta: kichwa kikitandazika, umeme unasambaa, na nukta ya weldi inakuwa ndogo na dhaifu ingawa kwa nje inaonekana sawa. Ukiruhusiwa kuendesha roboti, ni kwa hali ya T1 tu, isiyozidi milimita 250 kwa sekunde, na swichi ya mkononi yenye nafasi tatu: ukiiachia inasimama, ukiibana kwa woga inasimama pia.

Kwenye rangi, acha nyumbani losheni, mafuta ya nywele na dawa ya kwapa yenye silikoni. Chembe yake kidogo inafanya rangi kukimbia na kuacha vishimo, na gari linarudi kusuguliwa. Soma lebo ya unachojipaka. Kwenye kuunganisha, pete, saa na mkanda wenye bakoli ya chuma vinavuliwa au kufunikwa kwa sababu ya mikwaruzo. Kila idara ina Meister (fundi mkuu) wake. Mwite Herr (Bwana) au Frau (Bibi) kwa jina la ukoo mpaka akukaribishe vinginevyo, na ukiugua piga simu kabla zamu haijaanza.

8. Mtihani

Una sehemu mbili. Ya kwanza, kabla ya mwisho wa mwaka wa pili, ina uzito wa asilimia 40, kwa hiyo asilimia 40 ya cheti inaamuliwa wakati wengi bado wanadhani wanajifunza tu. Ya pili ina 60. Kufaulu ni alama 50 kati ya 100. Daraja la juu linaanza 92. Ukianguka unaruhusiwa kurudia mara mbili, na kwa maombi yako mkataba unaongezwa hadi mtihani unaofuata, usizidi mwaka mmoja.

Fanya angalau mazoezi matatu ya mitihani iliyopita kwa saa ya ukutani, ukijipangia muda wa kupima na kujaza karatasi za vipimo. Alama hazipotei sana kwenye kufunga nyaya. Zinapotea kwenye ripoti ya vipimo iliyoachwa wazi, meza iliyotapakaa, miwani ya kukinga iliyosahauliwa kichwani. Tabellenbuch, kitabu cha majedwali, kinaruhusiwa ndani: jizoeze kuifikia kurasa ya hesi, ya ruhusa za vipimo na ya mikondo ya kebo bila faharasa.

Kwenye mahojiano watahini watauliza «kwa nini» mara nyingi kuliko «nini». Kwa nini waya wa unene huu? Kwa nini fyuzi hii? Jibu fupi lenye namba linatosha. Kama hujui, eleza ungeitafuta wapi na ungepima nini.

Jambo la mwisho ni la tarehe. Ukifaulu kabla ya siku iliyoandikwa, mkataba wa mafunzo unaisha siku matokeo yanapotangazwa. Kwa hiyo barua ya ajira na ombi la kubadilisha kibali cha ukaazi kuwa cha fundi mwenye cheti viwe vimeshaandaliwa kabla ya siku hiyo, na miadi ya ofisi ya wageni iombwe miezi kadhaa mbele, maana foleni zake ni ndefu.